Ziwa likiuma usingoje siku ya kliniki: uzi kwa mama anayenyonyesha akiishi na virusi vya UKIMWI

Mama wa Kisauni

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Ninaishi na virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Nimenyonyesha watoto wawili hapa Mombasa, na wote wamepimwa mpaka kipimo cha mwisho wakaonekana hawana virusi. Siku hizi hujitolea kukaa na akina mama waliojifungua karibuni, siku za kliniki, kuwaeleza yale ambayo daktari mwenye foleni ya watu sitini mlangoni hana nafasi ya kuyaeleza.

Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni hiki. Kila tunapokwenda kliniki tunaulizwa kama tumemeza dawa, na ni haki tuulizwe. Damu yetu hupimwa kila miezi 6 muda wote wa kunyonyesha. Mtoto hupewa matone yake ya nevirapini, dawa ya kumkinga na virusi, huchomwa kisigino kutolewa damu ya kipimo akiwa na wiki 6, kisha miezi 6, kisha miezi 12, na hupimwa tena akifika miezi 18. Lakini ziwa lenyewe, ambalo ndilo njia ya hayo maziwa tunayoyahofia, ni nadra mtu kukwambia ulifunue alitazame. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilikwenda katika kituo kimoja ziwa la kushoto likiwa limefura na kuwaka moto. Niliandikiwa vidonge vya maumivu leso ikiwa bado kifuani, nikaambiwa niendelee kunyonyesha. Siku ya tatu lilikuwa jipu.

Mwanamke yeyote aweza kupasuka chuchu au kufura ziwa. Kwetu sisi lina uzito mwingine, na nitajaribu kueleza kwa nini. Ndani ya ziwa lenye afya, chembe zinazotengeneza maziwa zimeshikana bega kwa bega kama ukuta, na damu hubaki upande wake. Ziwa linapovimba ukuta huo hulegea, maji ya damu yenye chumvi hupenya, na chembe za kinga, ambazo ndizo makazi ya virusi, huingia katika maziwa kwa wingi. Ndiyo sababu maziwa ya ziwa lililovimba huwa na ladha ya chumvi, na pengine mtoto akalikataa upande mmoja tu huku nyumba nzima ikidhani amelogwa. Watafiti waliopima chumvi hiyo katika maziwa ya akina mama nchini Malawi, na kuchapisha matokeo mwaka 1999, waliona kuwa waliokuwa na chumvi nyingi walikuwa pia na virusi vingi zaidi katika maziwa, na uvimbe wa namna hiyo waweza kuwapo bila mama kuhisi maumivu yoyote. Tafiti za Nairobi za miaka ile ile zilihusisha uvimbe na majipu ya ziwa na watoto kuambukizwa.

Najua atatokea wa kuniambia kuwa hayo yalikuwa kabla ya dawa, na ni kweli. Leo mama anayemeza ARV kila siku na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo amepunguza hatari mno. Katika utafiti mkubwa uitwao PROMISE, uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika na India, watoto walioambukizwa kwa kunyonya mpaka miezi 12 walikuwa chini ya 1 kati ya 100. Lakini chini ya mmoja si sufuri, na chembe zilizobeba virusi vilivyolala hazikosekani kabisa katika maziwa hata damu ikiwa safi. Kwa hiyo dawa ni lazima, na ziwa nalo lina haki ya kuangaliwa.

Jambo la kwanza kabisa, na ambalo ningelijua mapema ningeokoka mengi, ni namna mtoto anavyolishika ziwa. Chuchu haipasuki kwa sababu ngozi yako ni laini. Inapasuka kwa sababu mtoto ananyonya chuchu peke yake badala ya kujaza kinywa kwa ziwa. Mlete mtoto kwenye ziwa, usiinamishe ziwa kwa mtoto. Tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mgongo viwe mstari mmoja, ungoje apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha umsogeze upesi, kidevu kikitangulia. Sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani, hasa ya upande wa chini, na mdomo wake wa chini upinduke nje. Ukisikia maumivu ya kukata yasiyoisha baada ya mifyonzo michache ya mwanzo, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake, mtoe, mwanze upya. Hata mara tano. Mkunga mmoja mzee alinifundisha haya nikiwa na mtoto wa pili, akiwa amekaa nami kitandani nusu saa nzima, na sikupasuka tena.

Mwenye swali aulize hapa hapa, maana aibu ya kusema neno ziwa mbele za watu ndiyo inayotufikisha kwenye majipu.

Binti wa Likoni

Dada, Mungu akuzidishie. Nina mtoto wa wiki 5 na chuchu ya kulia imepasuka, tangu juzi natoka damu kidogo kila anaponyonya. Nakaa na mavyaa wangu, ambaye hajui hali yangu. Mume wangu anajua. Mavyaa ni mtu mwema, na kwa wema wake anataka kunikanda ziwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi kila jioni, na tena anasema mtoto analia kwa sababu ya chango, apewe dawa ya chango na maji kidogo. Tarehe yangu ya kliniki ni baada ya siku 9. Nifanye nini usiku huu?

Muuguzi Mstaafu wa Tudor

Mwanangu wa Likoni, nimefanya kazi katika wadi za wazazi muda mrefu, na swali lako ndilo ambalo ningependa kila mama angeliuliza usiku ule ule.

Upande wa kulia uupumzishe kuanzia sasa. Mnyonyeshe kushoto kila anapotaka, na upande wa kulia ukamue kwa mkono kwa nyakati zile zile ambazo angenyonya, ili maziwa yasikwame ndani yakaleta ugonjwa mwingine juu ya huu. Maziwa ya upande huo, yenye damu, yamwage. Baada ya kukamua paka tone la maziwa yako mwenyewe juu ya chuchu, liache likauke kwa hewa, na usiisugue kwa sabuni. Ziwa la kushoto litaongeza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mama wa mapacha hulisha watoto wawili, nawe una mmoja, kwa hiyo usiogope kuwa hatashiba.

Siku 9 usizingoje. Nenda kesho asubuhi, useme mlangoni kuwa chuchu inatoa damu, na uombe wautazame mdomo wa mtoto pia. Kukiwa na utando mweupe unaong'ang'ania ulimi na mashavu hata ukiufuta, huo ni ukungu, nao hupita kati ya kinywa cha mtoto na chuchu ya mama huku na huku, hasa kwa joto na jasho la pwani yetu. Wakimtibu mtoto peke yake utarudi baada ya wiki mbili, kwa hiyo mtibiwe wawili kwa pamoja. Vidonda vya kinywani mwa mtoto ni mlango mwingine wa virusi, jambo ambalo husahaulika. Waambie ni siku ngapi mtoto amenyonya ikitoka damu, waamue wenyewe kama kuna haja ya kumpima mapema, na matone yake yasirukwe hata siku moja.

Kuhusu kukandwa, hapa nitawaudhi wazee wenzangu. Sisi wenyewe tulifundisha kukanda kwa nguvu na maji ya moto, na tulikosea. Madaktari wa unyonyeshaji waliandika mwongozo mpya mwaka 2022 unaosema kuwa ziwa lililovimba likandamizwapo kwa nguvu, vifereji vyake vidogo huzidi kubanwa na nyama zake huumia. Kinachosaidia ni kitambaa chenye maji baridi, kupapasa juu juu kuelekea kwapani kwa mkono mwepesi kana kwamba unampapasa paka, dawa ya maumivu, na mtoto kunyonya kama kawaida kwa upande ulio salama. Kukamua kupita kiasi kwa kusudi la kulimaliza ziwa nako huliongezea kazi na kulijaza zaidi. Kamua kiasi cha kumtosha mtoto, uishie hapo.

Ukiona homa, baridi ya kutetemeka, na sehemu ya ziwa imekuwa nyekundu, au kwa ngozi nyeusi kama zetu imekoza na kung'aa, ngumu na ya moto, huenda ni maambukizi ya bakteria na utahitaji dawa za kuua bakteria, ambazo kwa kawaida humezwa siku 10 hadi 14. Wengi huziacha siku ya nne maumivu yakipungua, na hao ndio wanaorudi na usaha. Kama una mzio wa penisilini, useme kabla ya kuandikiwa. Jipu likishafanyika, vidonge peke yake havitoshi: hutolewa usaha kwa sindano au kwa kupasuliwa, na kazi hiyo ni ya hospitali.

Mama wa Kisauni

Ahsante, Bi Muuguzi. Naomba niongeze kuhusu mavyaa, kwa kuwa nimewahi kukaa katika nyumba kama hiyo.

Dadangu, huna haja ya kusema uongo wala kufichua siri yako. Chuchu imepasuka na mhudumu amesema ipumzike: hayo ni maneno ya kweli ambayo mwanamke yeyote wa mtaa wowote angeyasema. Ukifika kliniki omba muuguzi akuandikie katika kitabu cha mama na mtoto kuwa mtoto apewe maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, kwa sababu huo ndio mwongozo kwa watoto wote wa Kenya, na mavyaa akisomewa hatauliza mengi. Siri ya hali yako inalindwa na sheria ya virusi vya UKIMWI ya mwaka 2006, na mhudumu hana ruhusa ya kuitoa kwa mavyaa hata akimkuta koridoni.

Kuhusu dawa ya chango na maji, ikiwa ameshapewa kijiko nyuma ya mgongo wako, usikate tamaa ukaacha kunyonyesha. Zamani tulitishwa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kuwa mama anayemeza dawa, hata kama mtoto ameonjeshwa kitu kingine, asiachishe ziwa kwa sababu hiyo; kunyonyesha pamoja na dawa bado ni bora kuliko kuacha. Zuia tu kijiko cha pili. Na anayetaka kumlambisha asali mwambie kwa upole kuwa asali haifai kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, awe wa nani.

Ikiwa matiti yote mawili yameharibika kwa wakati mmoja, kama ilivyonitokea, kuna njia ya kuyachemsha maziwa yako ambayo wataalamu waliipima na kukuta inaua virusi. Unakamua katika chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, isiwe na kifuniko, kiasi cha kikombe kidogo cha chai. Unaiweka katika sufuria yenye maji ya baridi, maji yakipita usawa wa maziwa kwa vidole viwili. Washa jiko liwe na moto mkali, usiondoke. Mara tu maji ya sufuria yanapochemka kwa nguvu, toa chupa papo hapo, funika, ngoja ipoe, mpe mtoto kwa kikombe kidogo. Maziwa yenyewe hufika kama nyuzi 73 na hayachemki. Hii ni njia ya siku chache za dharura huku ukitibiwa, na yafaa uoneshwe na mhudumu mara ya kwanza. Mimi chupa yangu ya kwanza ilipasuka kwa kuwa niliitumbukiza katika maji yaliyokwisha kuwa moto.

Baba wa Changamwe

Nawasalimu akina mama, na mnisamehe kuingia katika baraza lisilo langu. Mke wangu anafanya kazi kiwandani, huondoka alfajiri na kurudi jioni, na akirudi matiti yamejaa kama mawe na nguo imelowa. Wiki iliyopita alipata homa. Sote wawili tunameza dawa. Je, kujaa huko ni hatari, na msimamizi akimkatalia kwenda kukamua tufanyeje?

Muuguzi Mstaafu wa Tudor

Shemeji, umefanya vyema kuingia. Kujaa kwa saa nyingi ndiko kunakofungua mlango wa uvimbe, na uvimbe umekwisha elezwa. Akamue kwa mkono walau mara mbili au tatu akiwa kazini, hata dakika chache za kupunguza kubana. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, mahali safi ambapo si chooni. Amwendee msimamizi pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi na ombi la maandishi, kwa kuwa anayeomba peke yake kwa mdomo hujibiwa kwa mdomo. Kwa joto la Mombasa maziwa aliyokamua yasikae mezani. Yawekwe katika chombo chenye barafu, la sivyo yatupwe. Na ile homa ya wiki iliyopita, hata kama imeisha, akaangaliwe ziwa.

Mpita Njia

Kwa heshima zote, naona mnazunguka. Kwa nini mama mwenye virusi asimpe mtoto maziwa ya kopo tangu siku ya kwanza, na mjadala wote wa ziwa ukaisha?

Mama wa Kisauni

Swali lako ni la haki na lilijibiwa hapa hapa Kenya. Profesa Ruth Nduati na wenzake waliwagawa akina mama 425 wa Nairobi katika makundi mawili, la kunyonyesha na la maziwa ya kopo, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Baada ya miaka 2, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 36.7 kwa walionyonyeshwa na 20.5 kwa waliopewa kopo, wakati huo dawa za leo hazipo. Hapo utasema kopo limeshinda. Lakini vifo vya watoto katika makundi hayo mawili havikutofautiana kwa maana yoyote, na hao walikuwa akina mama waliochaguliwa kwa kuwa na maji safi. Kisha Botswana, ambako serikali ilitoa maziwa ya kopo bure, mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka 2006 zilileta kuhara, na watoto waliolazwa hospitali walikuwa kwa wingi wale wasionyonya.

Sasa rudi Mombasa. Wangapi kati yetu wananunua maji ya mtungi wa mkokoteni, au wanachota kisima chenye chumvi? Mama mwenye uwezo wa maji salama, kuni au gesi, na fedha za kopo kila wiki bila kukatika ana haki ya kuchagua, na hakuna wa kumlaumu. Wengi hatuna huo uhakika, na dawa zimebadilisha hesabu.

Mama Mapacha wa Mikindani

Wanangu wamefika mwaka na miezi 10 na nataka kuwaachisha. Mama yangu anasema nipake shubiri au pilipili chuchuni, niwapeleke kwake Kwale siku tatu, na mambo yataisha. Kuna ubaya?

Muuguzi Mstaafu wa Tudor

Mwanangu, shubiri tumepakwa sote na tumekua, lakini kwako nasema usifanye. Pilipili huchoma ngozi ya chuchu na kuacha vidonda. Na kukatisha ghafula, watoto wakiwa Kwale na maziwa yakiendelea kujaa Mikindani, hulifanya ziwa livimbe. Utafiti wa Lusaka, Zambia, ulionesha kuwa virusi katika maziwa huongezeka mama anapoachisha kwa ghafula, ilhali mtoto akirudi akilia wengi wetu humpa tena. Punguza mnyonyo mmoja kila baada ya siku kadhaa, uanze na wa mchana, umalizie na wa usiku, kwa muda wa mwezi mzima. Wewe endelea na dawa zako, na matone au dawa za watoto ziendelee mpaka kliniki iwaambie mwache, kwa kuwa huwa hazisimami siku ile ya mnyonyo wa mwisho.

Na kwa kuwa nimekwisha kushika kalamu: uvimbe wowote wa ziwa ambao haujapungua baada ya matibabu ya wiki mbili, au ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, au chuchu iliyoingia ndani na hapo awali haikuwa hivyo, usikubali kuandikiwa vidonge vile vile mara ya tatu. Omba picha na kuchukuliwa sampuli. Saratani ya ziwa huwapata pia wanaonyonyesha na huchelewa kugunduliwa kwa sababu kila mtu hudhani ni maziwa, na kifua kikuu, ambacho humwandama mwenye kinga pungufu, mara chache hujificha katika ziwa pia.

Binti wa Likoni

Nimerudi na habari. Nilivuka feri alfajiri ya kesho yake, nikamwambia muuguzi kama mlivyonifundisha, na safari hii nilitazamwa ziwa na mtoto alitazamwa kinywa: ukungu kwa wote wawili. Nimepewa dawa zetu, mtoto alichomwa kisigino siku ile ile kwa kuwa wiki ya 6 ilikuwa inakaribia, na nikaoneshwa namna ya kumpakata. Leo ni siku ya sita, damu imekoma. Mavyaa aliona kitabu, akanyamaza, kisha akaniletea uji wa mtama, wangu mimi, akasema anayenyonyesha upande mmoja ale kwa pande mbili. Swali langu la mwisho ni lini nirudi upande wa kulia?

Muuguzi Mstaafu wa Tudor

Ngozi ikishafunga yote, hakuna mwanya wala ukoko, na kinywa cha mtoto kimekuwa safi, wakutazame tena kliniki kwanza. Kisha umwanze upande wa kulia asubuhi, ukiwa umetulia na kuna mwanga wa kutosha kuona anavyoshika. Usiku uache kwanza.